Dunia yabomolewa, tangazo liko kabatini

Wafanyabiashara waliokwama mpakani walisomeana riwaya ya vichekesho kupitisha muda. Walipofika katikati, mama mmoja alifunga kanga yake akaenda kutafuta tangazo.

Mtandao ulikatika saa nne asubuhi. Kufikia saa saba, malori yalikuwa yamejipanga kutoka geti la forodha hadi nyuma ya kituo cha mafuta, na kila aliyeingia ofisini alitoka na jibu lile lile: subirini, mafundi wanashughulikia. Mpaka wenyewe sitautaja, kwa kuwa siku ile ungeweza kuwa mpaka wowote. Anayevusha mzigo anaijua hali hiyo. Unatandika mkeka kwenye kivuli cha lori, unaagiza chai, na kila baada ya muda unainuka kwenda kunusa magunia ya vitunguu kama bado ni mazima.

Kwenye kivuli chetu tulikuwa sita. Dereva wa lori la vitunguu na utingo wake. Mama mwenye magunia 12 ya maharage. Mzee anayevusha sufuria na mikeka tangu enzi ambazo, kwa maneno yake, mpakani palikuwa na kamba tu na askari mmoja mwenye usingizi. Kijana karani wa wakala wa forodha, anayewajazia watu fomu. Na mimi, niliyekuwa nimeenda kuandika habari ya bei za mazao nikakwama pamoja nao. Majina yao siyaandiki, kwa sababu walizungumza kama watu wanavyozungumza wakiwa foleni, hawakuwa wakihojiwa.

Kijana ndiye aliyekuwa na kitabu. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwanzo zimeingia mafuta ya maandazi.

"Kinachekesha," alisema. "Kuna mtu anabomolewa nyumba yake. Halafu kabla ya mchana, na dunia nzima inabomolewa."

Mama wa maharage alimtazama. "Na hapo ndipo pa kuchekesha?"

"Sikiliza kwanza, mama."

Basi akaanza. Alisoma ukurasa kimya kwa Kiingereza, akainua macho, akatusimulia kwa Kiswahili. Alipokwama kwenye neno, tulimsaidia wote, hata tusiojua neno lenyewe. Ndivyo tulivyosoma siku mbili.

Aliyelala mbele ya tingatinga

Kitabu ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy cha Douglas Adams, Mwingereza aliyezaliwa Cambridge mwaka 1952. Kilianza kama mchezo wa redio, uliorushwa kwa mara ya kwanza na BBC Radio 4 tarehe 8 Machi 1978, na riwaya ikatoka mwaka uliofuata. Jina lake, ukilileta kwenye Kiswahili cha barabarani, ni mwongozo wa msafiri anayeomba lifti angani. Adams alieleza kwamba wazo lilimjia mwaka 1971, alipokuwa kijana akizunguka Ulaya kwa lifti. Usiku mmoja alikuwa amelala uwanjani kule Innsbruck, Austria, kichwani pombe imempanda, mkononi ana kitabu cha kuwaelekeza wasafiri wa namna yake. Alitazama nyota akawaza kwamba na huko juu kunahitaji mwongozo.

Kisa chenyewe kinaanzia kijijini Uingereza. Bwana mmoja, Arthur Dent, anaamka asubuhi na kukuta tingatinga la manjano uani. Halmashauri inataka kupitisha barabara ya mchepuko, na nyumba yake imesimama njiani. Arthur anatoka na vazi lake la kulalia, analala kwenye matope mbele ya tingatinga na kugoma kuondoka. Msimamizi wa kazi anamwambia kwamba mipango ilikuwa wazi kwa miezi, kwa hiyo malalamiko yake yamechelewa.

Wazi wapi? Arthur alikwenda kuitafuta. Aliikuta kwenye chumba cha chini ya ardhi kisicho na taa wala ngazi, ndani ya kabati la mafaili lililotiwa kufuli, nalo kabati limewekwa kwenye choo kisichotumika, na mlangoni pamebandikwa onyo kwamba ndani kuna chui.

Dereva alicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee alitabasamu na kutikisa kichwa. Mama wa maharage hakucheka.

"Mimi hilo silichekei," alisema. "Mimi nilikuwa na kibanda. Siku moja nikakuta X nyekundu ukutani. Nikauliza, hii ni nini? Nikaambiwa ni hifadhi ya barabara, tangazo lilitoka. Lilitoka wapi? Kwenye ubao wa ofisi. Ofisi ipi? Mpaka leo sijaiona hiyo ofisi. Baada ya wiki mbili kibanda hakuna, na friji yangu iko nje kwenye mvua."

Tulinyamaza. Kijana alifunga kitabu akiweka kidole ndani. "Basi tuache, mama?"

Mama alifikiri kidogo. "Endelea. Nataka kujua huyo mzungu alifanyaje."

Kosa ni la nani?

Ubishi wa kwanza ulizuka hapo, na haukuisha mpaka jioni. Mzee alisema kosa ni la Arthur. Kwa maoni yake, mtu mzima mwenye nyumba hupita ofisini kila baada ya muda kuuliza kuna nini kipya, na kutoijua sheria hakumwondolei mtu kosa. Yeye mwenyewe huingia kila ofisi ya mpaka anapopita, hata kama hana shida, asalimie na asome ukuta.

"Na chui je, mzee wangu?" dereva aliuliza.

"Chui ni mzaha wa mwandishi."

"Aa, chui yupo. Ofisi nyingine ukifika mlangoni tu unasikia akinguruma."

Kijana akafungua ukurasa unaofuata, na ubishi ukapata kuni. Rafiki wa Arthur, Ford Prefect, kumbe si mtu wa dunia hii. Ametoka sayari nyingine na kazi yake ni kukusanya habari za ule mwongozo wa wasafiri. Anamchukua Arthur baa, anamnunulia bia, na kumweleza kwamba dunia imebakiza dakika chache tu. Wakiwa huko, nyumba inabomolewa. Muda mfupi baadaye mbingu inajaa vyombo vikubwa vya viumbe waitwao Vogon, na nahodha wao anawatangazia wanadamu kwamba sayari yao iko kwenye njia ya barabara mpya ya angani, hivyo inaondolewa. Watu wanapopiga kelele, anawashangaa. Mipango, anasema, imekuwa ubaoni kwa miaka 50 katika ofisi ya mipango kule Alpha Centauri. Walikuwa na muda wa kutosha wa kulalamika.

Alpha Centauri si jina la kubuni. Ni nyota jirani zaidi na mfumo wa Jua letu. Mwanga, unaokimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua zaidi ya miaka minne kutoka huko hadi hapa. Kwa kilomita ni zaidi ya trilioni 40. Dereva alitoa simu kupiga hesabu: lori likienda kilomita 80 kwa saa, usiku na mchana, litafika baada ya zaidi ya miaka milioni 58.

"Bila kulala," alisema. "Na bila kusimama mizani."

Hapo mama wa maharage alicheka kwa mara ya kwanza. Alieleza mwenyewe kwa nini. Kwa Arthur, alisema, alikuwa akimwona mtu mmoja mnyonge akinyang'anywa, na hilo analijua. Lakini kwa Vogon hata yule msimamizi wa halmashauri, aliyekuwa akijivunia karatasi zake asubuhi, naye amekwisha. Amebomolewa kwa karatasi za mkubwa zaidi yake. "Ndiyo raha yake hiyo," alisema. "Kila mwenye muhuri ana mwenye muhuri wake."

Mzee alishikilia msimamo wake kuhusu nyumba, ila kuhusu dunia alikubali kwamba miaka milioni 58 ni safari ndefu ya kwenda kusoma ubao.

Pauni tano za madirisha

Kuna kipande kidogo ambacho kijana alikuwa amekiruka mwanzoni, nami nikamkumbusha, kwa kuwa kitabu hiki nilikisoma zamani nikiwa mwanafunzi. Msimamizi anapomwambia Arthur kwamba angelalamika wakati wake ulipofika, Arthur anajibu kwamba habari aliipata jana yake tu, alipokuja kibarua. Akamwuliza kama amekuja kusafisha madirisha. Yule akasema hapana, nimekuja kubomoa nyumba. Lakini hakulisema hilo mara moja. Kwanza alifuta madirisha mawili matatu akadai pauni tano, ndipo akatoa habari.

Wote walicheka, na utingo, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alirudia maneno hayo peke yake: kwanza kafuta madirisha. Niliona kwamba kijana karani alicheka kidogo kuliko wengine. Wakati ule sikujua sababu.

Vogon tuliwazungumza sana siku hiyo. Adams hakuwafanya mashetani. Ni makarani, wenye hasira, wavivu wa huruma, ambao hawawezi kumwokoa hata bibi yao bila amri iliyotiwa saini katika nakala tatu na kupotea njiani walau mara mbili. Nahodha wao pia ni mshairi, na mashairi yake ni adhabu. Anawafunga Arthur na Ford kwenye viti na kuwasomea, kisha anawauliza wameyaonaje. Mzee, ambaye ujanani alighani kwenye harusi, alisema anawajua washairi wa aina hiyo, na kwamba viti vya kufungia watu navyo amewahi kuvitamani.

Samaki wa sikioni

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya samaki. Ili Arthur aelewe lugha za angani, Ford anamtia sikioni samaki mdogo wa manjano anayetafsiri kila kinachosemwa. Jina lake linatokana na mnara wa Babeli wa kwenye Biblia. Ukiwa naye, kila kiumbe unamwelewa papo hapo.

"Samaki huyo tunaye," mzee alisema. "Anaitwa Kiswahili."

Wengine waliitikia. Pale kivulini palikuwa na watu wa nchi tatu, na hakuna aliyemhitaji mkalimani ili kuomba sukari. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano. Wafanyabiashara wa mpakani hawakuusubiri mkataba.

Lakini kijana alikuwa hajamaliza ukurasa. Adams anaongeza kwamba samaki yule, kwa kuondoa kila kizuizi cha watu kuelewana, amesababisha vita vingi na vya damu nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Mzee aliona hilo ni tusi. Dereva aliona ni kweli tupu. "Mimi ugomvi wangu wote nimeugombana kwa Kiswahili safi," alisema. "Mkulima anasema gunia, mnunuzi anasema gunia, neno ni hilo hilo. Moja ni gunia, jingine ni lumbesa. Wangekuwa hawaelewani wangepima kwa kilo na kuondoka."

"Kwa hiyo unataka tusielewane?" mama aliuliza.

"Nataka tupime, mama. Lugha nzuri haijazi gunia."

Hilo lilizungumzwa hadi giza likaingia. Kwa gazeti kama hili, lililoanzishwa ili majirani wasomane kwa lugha moja, si jambo la kupuuza. Kuelewana maneno ni hatua ya kwanza. Baada ya hapo ndipo watu wanagundua wanachotofautiana, na kazi halisi inaanzia hapo: mizani iliyohakikiwa, bei iliyoandikwa, sheria iliyobandikwa mahali inapoonekana. Adams alifanya mzaha, na kama mizaha yake mingi, chini yake pana hesabu.

Taulo, au kanga?

Asubuhi ya pili mtandao haukuwa umerudi. Vitunguu vya juu vilianza kutoa majani, na dereva akaacha kuvitazama. Kijana alitusomea juu ya taulo.

Mwongozo wa angani unamshauri kila msafiri asiondoke bila taulo. Unajifunika ukisikia baridi, unalilalia, unalifanya tanga la mashua, unaliloweka maji na kupigania, unajifunga usoni pakiwa na harufu mbaya, unalipunga ukihitaji msaada, na kama bado ni safi unajifutia maji. Zaidi ya yote, mtu akikuona umesafiri mbali na taulo lako bado unalo, anaamini kila kitu kingine unacho, na yuko tayari kukuazima ulichopoteza.

"Hiyo si taulo, hiyo ni kanga," mama alisema, na akatuonyesha. Aliyokuwa amejifunga kiunoni ilikuwa imebeba mtoto, imefungia pesa pindoni, imekuwa shuka kwenye basi, pazia la kuogea nyumba ya wageni, na mara moja, barabara ilipokatika kwa mafuriko, ilikuwa kamba. Kuhusu kuazimwa, alisema mwandishi yule anaijua biashara. Ukimfikia mwenye duka umechakaa, umelia, hana mali ya mkopo. Ukifika umejifunga vizuri na unaulizia bei kama mwenye pesa, anakupa magunia mawili mpaka wiki ijayo. Mzee aliunga mkono. Waliokubaliana pia kwa haraka ni kuhusu sababu za mwongozo ule kuuzwa kuliko vitabu vikubwa vya elimu vya angani: una bei nafuu kidogo, na jalada lake limeandikwa kwa herufi kubwa za kirafiki kumtuliza msomaji asihangaike. "Bei na sura," alisema mzee. "Hakuna la tatu."

Mashabiki wa Adams wanaikumbuka taulo hiyo kila tarehe 25 Mei kwa kutembea na taulo mchana kutwa. Walianza mwaka 2001, majuma mawili baada ya kifo chake cha ghafla huko California akiwa na miaka 49.

Niliwaambia pia jambo ambalo liliwashangaza: mtu huyu alipita huku kwetu. Akiwa na mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine, alikwenda Zaire ya wakati ule kuwatafuta faru weupe wa kaskazini katika hifadhi ya Garamba, safari waliyoiandika kwenye kitabu Last Chance to See cha mwaka 1990. Mwaka 1994 alijiunga na msafara wa kuchangia faru uliopanda Kilimanjaro, na katika safari ya kuufikia mlima alivaa kwa zamu vazi zito la mfano wa faru. Leo faru wale weupe wa kaskazini wamebaki wawili, wote majike, Ol Pejeta nchini Kenya.

"Kumbe alikuwa anajua," mama alisema.

"Anajua nini?"

"Kwamba kuna wanaobomolewa na hata tangazo hawawezi kusoma."

Nyangumi, na ukurasa wa katikati

Tulifika katikati ya kitabu karibu na saa sita mchana. Arthur na Ford wametupwa nje ya chombo cha Vogon na kuokolewa na chombo kingine kinachoendeshwa kwa nguvu za mambo yasiyotarajiwa kutokea. Humo mna rais wa anga yote aliyeiba chombo hicho, na roboti mwenye akili kubwa mno na huzuni kubwa zaidi, anayetumwa kufungua milango. Sasa wanarushiwa makombora mawili. Wanabonyeza kitufe, na makombora yanageuka. Moja linakuwa chungu cha maua. Jingine linakuwa nyangumi, juu sana angani, akianguka.

Nyangumi hana muda wa kujua yeye ni nani. Anaanza kuvipa vitu majina, upepo, mkia wake mwenyewe, na kile kitu kikubwa bapa kinachomjia kwa kasi kutoka chini. Anajiuliza kama kitakuwa rafiki yake. Kitu hicho ni ardhi.

Kijana alisimulia hapo vizuri kuliko mahali pengine pote. Alipomaliza, hakuna aliyesema neno. Kisha mama wa maharage akafunga kanga yake upya, akasimama.

"Mwanangu," alimwambia karani, "mle ofisini wameandika nini ukutani?"

"Mambo mengi, mama."

"Kuhusu mzigo mdogo kama wangu."

Kijana hakujibu. Mama alivuka uwanja akaingia ofisini. Nilimfuata, na mzee akatufuata, kwa kuwa kuta za ofisi ni shughuli yake. Tulizunguka chumba kizima. Tangazo tulilikuta nyuma ya mlango. Mlango ule unabaki wazi tangu asubuhi hadi jioni ili upepo uingie, kwa hiyo tangazo linafunikwa saa zote za kazi. Mzee, anayesoma kila ukuta, alikuwa hajawahi kuliona. Lilikuwa la Kiingereza.

Mama alitoka hadi mlangoni akamwita kijana. "Njoo. Leo wewe ndiye samaki wangu."

Akaja, akasoma, akatafsiri, neno kwa neno. Lilihusu utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki: mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Maharage yalikuwemo kwenye orodha. Magunia 12 hayakuifikia thamani hiyo. Fomu mwenye mzigo anaijaza mwenyewe, bila kupitia kwa wakala.

"Ulijua?" mama aliuliza.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi. Bosi anataka kila mzigo upite kwetu. Ningewaambia watu wote, mimi ningekula nini?"

Mama alimtazama kwa muda mrefu. "Miaka miwili," alisema, "umenifutia madirisha."

Sijawahi kuona utani wa kitabu ukimwangukia mtu hivyo. Kijana aliinamisha kichwa. Mzee alikohoa. Si haki kumfanya kijana huyu kuwa Vogon. Analipwa kwa kila fomu, na waliobandika karatasi nyuma ya mlango si yeye. Lakini pesa iliyotoka pindoni mwa kanga ile miaka miwili ilikuwa ni pesa ya kweli, na mama aliijua jumla yake bila kuandika.

Alipewa fomu. Aliijaza kwa peni yangu, kijana akimweleza kila kisanduku, na hakumlipa. Kabla ya kutoka, mzee alimwomba ofisa ruhusa, akalibandua tangazo taratibu na kulibandika upande wa pili, juu ya dirisha la kupokelea karatasi. Ofisa alisema ni wazo zuri, hakuna aliyewahi kulitoa.

Kwa msomaji ambaye hajui: utaratibu huo haukuondolei kila kitu. Kodi nyingine za ndani na vibali, kama vya afya ya mimea na mifugo, bado vinahitajika, na bidhaa lazima iwemo kwenye orodha. Ila orodha ni haki yako kuiona. Omba uonyeshwe, na kama iko nyuma ya mlango, funga mlango.

Kitabu kisichomalizika

Mtandao ulirudi saa tisa. Injini ziliwaka moja baada ya nyingine, na mikeka ikakunjwa. Tulikuwa nusu ya kitabu.

Niliwaambia wasisikitike, kwa sababu hata mwandishi mwenyewe aliachia njiani. Adams alikuwa bingwa wa kuchelewesha kazi. Alisimulia kwamba wachapishaji wake, walipochoka kumsubiri, walimpigia simu wakamwambia amalizie ukurasa aliokuwa akiuandika, kisha wakamtuma mtu wa pikipiki kuuchukua. Ndiyo maana kitabu kile cha kwanza kinaishia ghafla, na alilazimika kuandika kingine, na kingine, mpaka vikafika vitano.

"Afadhali yeye alifuatwa na pikipiki," dereva alisema, akipanda lori. Theluthi moja ya vitunguu vyake alikuwa ameshaitoa kwenye hesabu.

Utingo, ambaye siku mbili zote hakusema zaidi ya maneno kumi, alimwomba kijana kitabu. Alisema Kiingereza anakisoma taratibu lakini anafika, na atakirudisha siku ya soko. Kijana alimpa. Kisha akamgeukia mama, akasema Alhamisi atakuwepo tena, na kwamba akiwa na fomu ya kujaza, atamsaidia bure. Mama alisema ataona.

Kabla hatujaachana aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekisoma chote: "Huyo Arthur, mwishowe atapata nyumba?"

Nilimwambia tukutane Alhamisi.